Chupa ya stili ya kubebea chai na maji Dar: ya namba, ya kikombe, ya mdomo mpana au tambla?

Nianze na msimamo wangu ili tusizungushane: ukienda kununua chupa ya stili ya kutunza joto, usianze na rangi wala jina lililoandikwa ubavuni, anza na kifuniko. Mwili wa chupa hizi karibu zote ni kitu kimoja, kuta mbili za stili, katikati hewa imefyonzwa pamebaki patupu, joto likikosa hewa ya kupitia linakwama. Ufundi wenyewe sio wa jana. Mskoti James Dewar aliutengeneza kwa kioo mwaka 1892 kwa ajili ya maabara, Wajerumani wakaanza kuuuza kwa jina la Thermos mwaka 1904, na 1913 Mmarekani William Stanley akaja na ya chuma tupu isiyo na kioo ndani. Yani zaidi ya miaka mia watu wanatengeneza kitu hikihiki, viwanda vya China vimeshakizoea kabisa, ndo maana pale Kariakoo unaweza kukuta chupa ya elfu kumi na kitu inatunza moto vizuri tu mpaka unashangaa wanaolipa laki wanalipia nini. Ila kifuniko, hapo ndo wanapobania. Kifuniko ndo kinavuja kwenye begi lenye laptopu, kifuniko ndo kinanuka, kifuniko ndo kinakufa wakati chupa yenyewe bado nzima, na hata joto lenyewe likitoroka sehemu kubwa linatokea hukohuko juu, shingoni na kwenye kizibo.

La pili kabla hatujaingia kwenye aina, amua chupa itabeba nini. Usiseme "vinywaji" kwa ujumla, sema kabisa: chai ya maziwa yenye tangawizi, au maji ya barafu, au kahawa. Chupa moja kufanya yote iko kwenye maandishi ya boksi tu. Stili yenyewe haishiki sana harufu, ila raba ya kifuniko inashika haswa, na ukishabebea chai ya iliki na mdalasini wiki nzima alafu Jumatatu ukaweka maji, utakunywa maji ya pilau. Mi naona chupa mbili za bei ya kawaida, moja ya chai moja ya maji, zinakutendea wema kuliko moja ya gharama inayohangaishwa huku na huku.

Haya, tuzipange.

ZA NAMBA

Hizi ndo zimejaa mjini. Nusu lita, nyembamba, kifuniko kina kaskrini juu, ukikagusa kanawaka kanakuonyesha nyuzi za kilichomo ndani. Machinga wanazo, maduka ya kava za simu wanazo, maofisi wanazichapa nembo wanagawa kwenye semina. Kwa bei yake sio chupa mbaya hata kidogo na nasema hivyo kwasababu kuna watu wanazidharau bila sababu. Inaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, haichukui nafasi, na kifuniko chake ni cha kuzungusha tu, hakina batani, hakina mrija, hakina katundu ka kunywea, kwahiyo ukikikaza vizuri na raba ikawa imekaa sawasawa, mwendokasi ya Kimara saa moja asubuhi mmebanana chupa imelala ubavu ndani ya begi, haitoki hata tone.

Sasa hiyo namba. Kihisio chake kimekaa chini ya kifuniko, kwahiyo kinapima huko juu, chai ikiwa imejaa namba inakaribia ukweli, ikishuka nusu inapima mvuke. Betri ni kale kaduara kama ka saa, kwenye nyingi kamezibiwa humohumo, kakiisha ndo basi, chupa inaendelea na maisha bila namba. Na kwasababu kuna umeme humo ndani kifuniko huwezi kukiloweka, unaishia kukifuta na kitambaa, wakati ndo sehemu inayotaka kuoshwa kuliko zote. Kitu ambacho wengi hawakioni ni kwamba chupa hiyohiyo yenye kifuniko cha kawaida ipo palepale rafuni, na mara nyingi wanakupunguzia. Watu wanairuka kwasababu haiwaki taa.

Tatizo lake kubwa kwangu ni chai, haina kikombe. Umemimina chai ya kuchemka saa kumi na mbili alfajiri, unafika ofisini Posta saa mbili, unafungua, unaweka mdomo kwenye stili, unaungua. Chupa inafanya kazi yake vizuri mno. Na hili la kunywa vitu vya kuunguza sio la kuchekea, mwaka 2016 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula. Sio chai yenyewe, ni ule moto. Kwahiyo ukiamua kununua ya namba basi itumie namba hapo, ikisoma juu ya 60 acha kifuniko wazi kidogo upige stori kwanza.

Ndani utakuta kichujio, kile kisahani cha matundu kilichochomekwa mdomoni. Kama unaweka majani au mchaichai mzima kiache, kama huweki kitoe, kinazuia tu kuosha.

YA KIKOMBE

Hii ndo muundo wa kizamani, kizibo ndani, juu yake kikombe unachofungia kama kofia. Kwa mtu wa chai au kahawa mi bado sijaona inayoishinda. Shingo yake nyembamba, joto linapata mlango mdogo wa kutokea. Unamimina kidogo kwenye kikombe, kinapoa cha kunywa, kilichobaki ndani kinaendelea kuwa cha moto, na jirani wa meza ya pili akikuangalia sana unamkaribisha bila kumpa chupa aweke mdomo.

Ila angalia kizibo. Kuna vya aina mbili. Cha batani, unabonyeza katikati kinafunguka njia, unamimina bila kukitoa, joto halipotei. Kizuri sana kwa kahawa na chai ya rangi. Kwa chai ya maziwa ni balaa, kwasababu ndani ya hiyo batani kuna springi, kuna karaba kadogo, kuna vinjia ambavyo brashi haifiki, maziwa yanaingia humo yanakaa, siku ya tatu unafungua unasikia harufu ya mtindi na chupa umeiosha. Kama unapenda cha batani basi mwambie muuzaji akifungue mbele yako kizibo chote vipande vipande, kikifunguka chukua, kikigoma achana nacho. Cha pili ni cha kuzungusha tu, kigimba kimoja kizima, kila ukimimina lazima ukitoe chote, kinapoteza joto kidogo lakini kinaoshwa kama sahani. Mtu wa chai ya maziwa achukue hiki, asibembelezwe.

Na maziwa yenyewe jamani yana masharti. Bakteria wanastarehe kati ya nyuzi 5 na 60, kwahiyo chupa ya ovyo ambayo chai inashuka inakuwa vuguvugu saa nne asubuhi alafu unaimalizia saa tisa alasiri, hiyo ni kuwatamia. Chai ya maziwa na uji inabidi viingie vikiwa vinachemka, kwenye chupa iliyopashwa moto kwanza. Kupasha ni hivi, mimina maji ya moto, funga, acha dakika tano wakati unavaa, mwaga, weka chai. Kitu kidogo lakini tofauti unaiona, maana ukimimina chai kwenye stili iliyolala baridi, nyuzi za kwanza zote zinaenda kupasha chuma.

Wengine watauliza, na ile chupa ya chai ya nyumbani yenye kioo ndani? Inatunza moto vizuri, haishiki harufu, bei yake rahisi. Iache nyumbani mezani. Ikianguka umebaki na plastiki na vigae, na ukiwa kwenye daladala ya Mbagala hamna anayeiheshimu.

YA MDOMO MPANA

Hii ni ya maji, na kwa Dar sababu yake ni barafu. Huku wengi hatuna vile vibarafu vya kukata vizuri vya hotelini, tunagandisha kwenye kopo au kwenye nailoni, linatoka bonge, unalipiga na mchi linapasuka vipande havina umbo. Vipande hivyo haviingii kwenye chupa ya shingo nyembamba, utasimama jikoni unavisukuma na kijiko huku vinakuyeyukia mkononi. Kwenye mdomo mpana vinadondoka vyenyewe. Alafu mkono unaingia, au walau dodoki na vidole, unasugua mpaka chini, unaona ndani kwa macho yako.

Ubaya wake unaujua ukishapanda bajaji, ukiinua kunywa barabara ya vumbi ikapiga tuta, maji yote kifuani. Ndo maana zinauzwa na vifuniko tofauti, kingine kina kamdomo kadogo ka kunywea, kingine kina mrija unaokunjwa. Kamdomo kadogo ni bora. Mrija unaokunjwa ni mtamu kutumia lakini ni bomba la plastiki lenye giza ndani, usipokuwa na kabrashi kake kembamba utaona ukungu mweusi baada ya muda, na watoto wa shule ndo wanapewa hizi kwa wingi. Mzazi ukinunua ya mrija nunua na brashi siku hiyohiyo.

Angalia na uzito. Ya lita moja yenyewe tupu inakaribia nusu kilo, ukijaza una kilo moja na nusu begani, weka laptopu, weka hotpoti ya ubwabwa, ukifika kituo cha Gerezani bega limeshuka. Kwa anayetembea sana robo tatu lita inatosha, anajaza tena ofisini. Kwa dereva wa bodaboda anayekaa kijiweni juani siku nzima lita moja ndo yenyewe, na atafute yenye mshikio imara wa kufungia kwenye pikipiki, sio ule wa raba laini unaokatika.

TAMBLA

Yale mabilauri makubwa yenye mkono na mrija juu. Yamepata umaarufu kupitia kampuni ya Stanley, ile Quencher yao ya wakia 40, karibu lita 1.2, mitandao ikapagawa nayo. Kwao Marekani imekuwa ikiuzwa dola 45 hivi, hapo bado usafiri na ushuru, kwahiyo ukiuziwa Kariakoo elfu ishirini na tano jua unanunua iga. Kununua iga sio dhambi, mwili wake unaweza kuwa mzuri tu, ila usilipe bei ya jina.

Kwa maisha ya Dar tambla ni ya aina mbili za watu: mwenye gari na mwenye meza. Chini imebanwa ikae kwenye kishikio cha gari, ukiwa foleni ya Mwenge unanyonya taratibu, safi sana. Mezani ofisini nayo safi. Nje ya hapo ni mzigo, haiingii kwenye begi, na ule mfuniko wa mrija haujatengenezwa kuzuia maji kabisa, ikianguka ubavu inamwaga. Mtu anasimama kwenye mwendokasi mkono mmoja bomba la juu mkono mwingine tambla, akifunga breki dereva anambatiza aliyekaa. Kwa moto pia haifai, mdomo wote wa juu ni plastiki nyembamba na katundu, joto linakwenda zake, na kunywa chai ya moto kwa mrija ni kutafuta kuungua ulimi.

Kuna stori ya risasi, ile metali, iliyosambaa sana, kwahiyo niiseme ilivyo. Januari 2024 Stanley wenyewe walikiri kwamba kiwandani walikuwa wanatumia risasi kuziba kitundu cha chini pale hewa inapofyonziwa, na juu yake wanafunika na stili, haigusani na kinywaji. Njia hiyo sio ya kwao peke yao kwenye biashara hii. Cha kufanya ni rahisi: kile kisahani cha chini kabisa cha chupa kikibanduka, ikiwa Stanley ikiwa iga, usiendelee kuitumia, na usimpe mtoto akichezee.

MASAA YA KWENYE BOKSI

"Dada yangu hii orijino, masaa ishirini na nne."
"Ya moto au ya baridi kaka?"
"Zote."

Hapo ndo ujue hamna aliyepima. Wajapani ndo wanaandika kitu cha maana, chukua Zojirushi kwa mfano, wanakwambia maji yalianza nyuzi 95, chupa ikakaa kwenye chumba cha nyuzi 20, baada ya masaa sita yalibaki nyuzi kadhaa, na ya baridi yalianza nyuzi 4. Hiyo unaweza kuilinganisha chupa na chupa. Lakini ona hapo, chumba cha nyuzi 20. Dar nyuzi 20 utazikuta wapi, labda ndani ya benki. Januari na Februari mchana nje tunacheza na 32, na hilo linabadilisha hesabu kwa namna ambayo watu hawaifikirii. Joto linakimbia kwa kufuata tofauti ya ndani na nje. Chai ya 95 kwenye chumba cha 20 ina tofauti ya 75, kwenye mchana wetu wa 32 tofauti ni 63, kwahiyo chai yako hapa itapoa taratibu kuliko boksi linavyosema. Maji ya 4 ni kinyume, kule tofauti 16, hapa 28, karibu mara mbili, kwahiyo masaa ya baridi ya kwenye boksi yapunguze sana usije ukalalamika umeibiwa.

Dawa ni barafu. Sio maji ya friji peke yake, barafu yenyewe, kwasababu gramu moja ya barafu mpaka iyeyuke inameza joto ambalo lingepandisha gramu ileile ya maji kwa nyuzi 80 hivi. Ikiwemo barafu bado, maji hayapandi sana. Chupa ya kawaida iliyojazwa theluthi barafu itaiaibisha chupa ya laki iliyojazwa maji ya friji matupu. Na ijaze, chupa nusu inapoteza haraka, na chupa ndogo inapoteza haraka kuliko kubwa, kwahiyo kile kikopo cha mililita 350 cha kahawa usikitegemee mpaka jioni hata kingeandikwa nini.

304 NA SUMAKU

Utaona imechapwa 304, au SUS304, au 18/8, vyote ni stili moja, ina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 8 hivi, ndo ya kawaida kwa vyombo vya chakula. 316 imeongezwa molibdenamu, inavumilia chumvi zaidi. 201 ni ya rahisi, nikeli wamepunguza wakaweka manganizi, inapata kutu mapema.

Sasa mtu atakuja na sumaku ya spika dukani, ikishika anasema feki, isiposhika anasema orijino. Ule mtihani haukuambii kitu kikubwa. 201 nayo sumaku haishiki, inafanana na 304 kabisa hapo, na 304 halali ikishakandamizwa kiwandani kutengeneza shingo inaweza kushika kidogo pale ilipokunjwa. Na kuchapa namba kitako cha chupa ni kazi ya mhuri. Hapa bora uangalie ndani kwa tochi ya simu: mshono wa kuchomea uwe laini, kusiwe na madoa wala weusi, pua isikie harufu ya plastiki au mafuta ya mashine kidogo tu na sio ya kukata pumzi.

Kwa sisi wa pwani chumvi ni jambo la kweli, visima vingi huku maji yake yana chumvi chumvi, na chumvi ikikaa kwenye stili muda mrefu inaitoboa vidoadoa. Kama nyumbani mnaoshea maji ya kisima, suuza mwisho na maji ya kunywa alafu igeuze ikauke wazi. Jiki usiweke, ile klorini ndo inamaliza stili kabisa. Ukibaki utando mweupe ndani weka siki kidogo na maji ya moto, rangi ya kahawia ya chai sio kutu, weka bekingi soda kijiko na maji ya moto ulaze usiku.

KUJARIBU KABLA HUJATOA HELA

Mengine yote yasahau ila hili fanya. Omba maji ya moto, mama ntilie hakosekani karibu, mpe mia mbili akujazie. Funga, subiri dakika tano, shika ubavu wa chupa. Karibu na shingo pakiwa na uvuguvugu ni kawaida, ila tumbo na kitako vinatakiwa viwe kama havijui ndani kuna nini. Ukisikia joto, hata sehemu moja tu ya duara dogo, hewa imeingia, hiyo chupa imeshakufa kabla hujainunua na hamna fundi wa kuirudisha. Kama hamna maji ya moto mwaga humo maji ya baridi sana ya friji, kwa unyevu wa Dar jibu linakuja haraka, chupa ikitoa jasho nje aidha imekufa au ni ya ukuta mmoja. Hizi za ukuta mmoja zipo nyingi, nyepesi, nzuri kwa mazoezi ufukweni Coco, lakini hazitunzi chochote, na zinauzwa palepale na zenzake kwa maneno yaleyale.

Kifuniko nacho: jaza maji, kaza, kizungushie tishu, igeuze juu chini ukiwa unaendelea kuuliza bei ya nyingine. Tishu ikilowa asante kaka, naomba ile ya pembeni. Muuzaji akikataa kabisa isijaribiwe hata ukimwambia utalipa, duka linalofuata liko hatua tano.

Soda usiweke kwenye hizi za kufunga, gesi ikijikusanya kifuniko kinaruka. Juisi ya ukwaju au embe iwe ya kunywa siku hiyohiyo, ikichacha humo nayo inatoa gesi, alafu ile tindikali sio rafiki wa stili ikikaa. Na usiiweke friza ikiwa imejaa maji ukidhani unaisaidia, maji yakiganda yanavimba yanasukuma ukuta wa ndani, kwaheri.

SASA NANI ACHUKUE IPI

Anayepanda mwendokasi au daladala na kunywa maji tu: mdomo mpana robo tatu lita, kifuniko cha kamdomo kadogo cha kuzungusha. Anayebeba chai ya maziwa: ya kikombe, kizibo kigimba, nusu lita kama peke yako, lita kama mnakunywa wawili. Kahawa chungu au chai ya rangi: ya kikombe yenye batani, hapo ruksa. Mwanafunzi wa chuo mwenye bajeti ya kubana: nusu lita nyembamba isiyo na namba. Zawadi kwa bosi: ya namba, atafurahi ile taa. Tambla kwa mwenye gari. Ya fundi ujenzi au mtu wa saiti, chagua iliyopakwa rangi ya unga, ile inayoshikika kama ina punje punje, haichubuki wala haitelezi mkono ukiwa na jasho, na iwe na raba ya kuvalisha kitakoni, maana ikianguka kwa kitako ikabonyea mpaka ukuta wa nje ukagusa wa ndani, joto limepata njia.

Na kabla hujaondoka dukani uliza raba ya akiba ya kifuniko. Baadhi ya chupa zinakuja nayo kwenye kale kamfuko ka plastiki ka ndani ya boksi, na dukani huwa kanadondoka chini hamna anayekaokota, kwahiyo fungua boksi ukiwa bado hapohapo, mwite arudi akakatafute.